Barua kwa mwanangu anayekwenda Sauzi

Mwanangu,

Mama yako amenionyesha tiketi. Mimi ungeniambia lini, ukishafika? Haya. Kazi umeipata kwa jasho lako, na jana baada ya Alasiri nimeshajisifu kwa watu wawili watatu pale msikitini.

Lakini ukisikia fujo mtaani, funga mlango, usitoke.

Juzi uliniambia Wasauzi wameshasameheana, ukanionyesha kwenye simu Siya Kolisi, nahodha wa kwanza Mweusi wa Springboks, timu yao ya taifa ya raga, akinyanyua Kombe la Dunia la raga. Tarehe uliiangalia? Novemba 2, 2019. Septemba ya mwaka huohuo, Johannesburg hiyohiyo unayokwenda, maduka ya wageni yalichomwa moto na watu wakafa. Msamaha wao ni wa Mweusi na Mzungu wao. Sisi tunaotoka huku juu wanatuita makwerekwere.

Sisemi raga ile haikufanya kitu. Nilipokuwa kijana pale Mazimbu, Morogoro, kwenye karakana ya mbao ya wakimbizi wa ANC, chama cha Mandela, nilikuwa na rafiki wa Soweto ambaye akisikia jina Springboks redioni, anaizima. Jezi ile ya kijani ilikuwa ya makaburu, na timu ikicheza, wenzake walikuwa wakiwashangilia wageni. Basi Juni 24, 1995, fainali ya Kombe la Dunia la raga, Mandela akaingia uwanja wa Ellis Park kaivaa, na namba 6 ya nahodha wao Mzungu, Pienaar, mgongoni. Mtu aliyekaa gerezani miaka 27! Nilipoiona picha gazetini nikasema mzee katuuza. Nikasema mbele za watu, mimi ambaye sijawahi kulala rumande hata usiku mmoja.

Rafiki yangu aliniandikia baadaye. New Zealand walipofungwa 15–12 katika dakika za nyongeza, alitoka barabarani, Kaburu mmoja akasimamisha pikapu akampa mkono. Anasema hakujua aufanye nini mkono ule. Akaushika tu. Februari 1996 Wasauzi wakabeba na Kombe la Afrika la soka, nahodha Mzungu, Neil Tovey. Nikanyamaza.

Kwa hiyo nenda uwanjani, shangilia nao. Ila pasipoti iwe mwilini, simu iwe na chaji, na ukisikia fujo usitoke hata kama jirani anakwambia kumetulia. Wewe tangu utoto ni mtu wa kuchungulia.

Ukipita Dar mwamkie baba yako mkubwa. Najua, huu mwaka wa nane sijakanyaga kwake, na kiwanja chenyewe sasa kimeota majani tu. Mwambie nimeuliza hali ya mguu wake. Usiongeze neno.

Chaja yako ya zamani kaichukua mdogo wako, usimgombeze. Yule kuku mwekundu ameanza kuatamia. Bati la jikoni bado linavuja palepale juu ya jiko la mkaa. Nitapanda mwenyewe Jumamosi ukishaondoka, mama yako akiwa sokoni.

Baba yako