Ukituomba winchi, sema kwanza: kuvuta au kuinua?

Mwezi jana saa nane usiku dereva mmoja alitupigia akiwa upande wa Bugiri, "kaka nitumie winchi haraka, trela imelala". Sisi hapa Tororo, Uganda, tukisikia winchi tunajua ni ile ngoma ya waya iliyofungwa nyuma ya brekidauni, gari letu la kuvuta magari yaliyokwama, basi tukawasha gari mbio mbio, kufika tunakuta trela iko ubavu na kontena ya futi 20 imejaa tailizi iko ndani ya mtaro kabisa, na jamaa anazunguka gari letu na tochi anauliza, sasa winchi yenyewe iko wapi? Tunamwonyesha. Anasema aah, hii siyo, winchi ni ile yenye shingo ndefu. Kumbe mtu wa Mombasa, kakulia bandarini, na kule winchi ndiyo hiyo sisi huku tunaiita kreni.

Na hakukosea! Kiswahili cha pwani kinaita winchi mashine yoyote ya kupakua mizigo melini. Mimi naona ni kwa sababu meli za zamani zilikuwa na mlingoti, mkono wa kunyanyulia, halafu chini pale ngoma inayokunja kamba, na iliyokuwa inapiga kelele kutwa nzima ni ngoma, watu wakakipa kitu chote jina lake. Neno lenyewe limetoka kwa Kiingereza cha kale sana, kabla ya mwaka 1100 lilikuwa linaandikwa wince, na asili yake ni mambo ya kupinda na kukunja, kwa hiyo sisi wa brekidauni tuko karibu zaidi na asili, ila usiku ule hiyo haikumsaidia mtu.

Kreni nayo, kwa Kiingereza crane, ni ndege tu. Hapa Uganda ng'aali, yaani korongo mwenye taji, yuko katikati ya bendera tangu 1962, kainua mguu mmoja, timu ya taifa tunaiita Cranes, lakini unapita kwenye saiti ya ghorofa Kampala wala huoni kwamba ile shingo iliyoinama juu ya mchanga ni korongo mtupu. Wagiriki wa kale walikuwa wanamwita ndege huyu geranos na mashine vilevile geranos, na Wafaransa mpaka leo wana grue moja kwa vyote viwili. Jeki ndiyo inanichekesha zaidi, ni jina la mtu, Jack, Waingereza walikuwa wanamwita hivyo kijana yeyote wa kutumwatumwa, kikaja chombo cha kufanya kazi yake kikarithi jina. Yaani tanboi, utingo wa lori, ila wa chuma. Tanboi wetu nilipomwambia alininunia mpaka jioni.

Sasa kwa nini tunakusumbua na maswali kwenye simu? Kwa sababu winchi ya brekidauni imeundwa kuvuta, breki yake haikutengenezwa kushikilia mzigo unaoning'inia hewani, ukiilazimisha waya inaachia na mtu yuko chini. Halafu zile tani zilizoandikwa ubavuni mwake ni za waya ikiwa imebaki safu ya kwanza tu kwenye ngoma, kadiri inavyojikunja juu nguvu inapungua. Kreni nayo isikudanganye, ya tani 25 inainua 25 mzigo ukiwa karibu na miguu yake tu, ukiwa mbali ndani ya shamba la mpunga inaweza kushindwa hata na tani 5. Na kontena ya futi 20 ikiwa tupu tayari ina tani 2 na kidogo, iliyojaa inaweza kugonga 30.

Kwa hiyo bosi wangu, achana na jina. Tuambie gari imesimama au imelala, mzigo ni nini na una tani ngapi, uko mita ngapi kutoka lami, na pale juu kuna nyaya za umeme au hakuna. Ukituma na picha mbili tatu kwa WhatsApp tunajua wenyewe kinachokuja.

Yule wa Bugiri kreni ilimfikia saa moja asubuhi, ikainua kontena, na ile brekidauni aliyoikataa ndiyo ikamvutia trela barabarani. Safari ya kwanza tulimkata nusu bei, ila bado anaiita winchi.