Nichore mimi, asaini mwenzangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana mwaka na miezi minne na bado ananyonya. Tunaishi Mbagala, mume wangu ni dereva. Kazi yangu ni kuchora tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali. Nasema kazi kwa makusudi, maana mama mkwe huiita "michoro yako ile".

Nilifundishwa na mjomba nikiwa na miaka 19, na wanawake kwenye mabanda ya kuchoria na kuuzia picha tulikuwa wa kuhesabika. Kabla ya huyu mdogo nilikuwa napanda daladala mbili kila asubuhi hadi Oysterbay, kwenye mabanda hayo. Picha ya sentimita 60 kwa 60, yenye saini yangu, mtalii asipobana sana niliiuza 60,000. Wifi yangu ni mwalimu. Alipojifungua alipewa siku 84 za likizo na mshahara wake. Likizo yangu mimi ilikuwa kukosa hela.

Mtoto alipofika miezi saba nikaanza kuchorea nyumbani, na balaa likaanzia hapo. Rangi yetu ni ya mafuta, ileile ya kupakia milango na mageti, tunailegeza kwa tapentaini. Inang'aa, ndicho wanunuzi wanachokipenda, lakini haina haraka ya kukauka: ukishapaka rangi ya chini, mnyama unamchora kesho yake. Sasa kwenye chumba na sebule, picha mbichi utaificha wapi mtoto anayetambaa asiifikie? Na ile harufu! Nilinawa kwa sabuni ya unga mara tatu, na bado mtoto nikimpakata anyonye anageuza uso. Nilijaribu rangi ya akriliki, hainuki sana na hukauka upesi, ila kopo dogo tu linamaliza faida.

Nikahamia uani, usiku, chini ya taa. Masika yakaleta kumbikumbi. Kuna usiku nilimaliza anga ya machungwa, imeungana na njano bila hata mstari kuonekana. Asubuhi nakuta wamejibandika zaidi ya ishirini. Nikawatoa mmoja mmoja kwa sindano: mwili unatoka, mabawa yanabaki. Nikapaka upya.

Halafu mwezi wa tano nikamkuta mtoto na kopo la tapentaini mdomoni. Jirani alitaka tumnyweshe maziwa tumtapishe. Sijui nini kilinizuia, nikambeba mbio hadi zahanati. Muuguzi akaniambia kitu kama kile mtoto akitapishwa kinaweza kuingia mapafuni. Wakamwangalia hadi jioni, alhamdulillah akawa mzima. Mume wangu hakufoka. Alikusanya makopo yote, akayatia kwenye kiroba, akayapeleka kwa dada yake. "Mpaka aanze shule," akasema. Simlaumu, Shangazi. Mimi mwenyewe usiku ule sikulala.

Ila mpaka aanze shule ni miaka. Juzi nilichora twiga kwa penseli kwenye daftari la mwanangu mkubwa, mstari wa shingo ukatetemeka. Mkono huu zamani ulikuwa unadondosha madoa ya chui huku nasimulia hadithi.

Sasa amekuja mchoraji mwenzangu, tunakaa mtaa mmoja, jina lake sokoni ni kubwa. Ana stoo nyuma ya nyumba yake. Anasema nikachoree pale, mtoto ashinde uani na watoto wake, mkewe atawaangalia. Hadibodi za kuchorea na rangi ni juu yake. Kila picha atanilipa 15,000, na saini ataweka yeye. Mume wangu kafurahi, anasema Mungu katusikia. Nami hesabu naijua: bandani zilikuwepo wiki sikuuza hata moja, na hapa picha tatu kwa wiki ni 45,000 mkononi, tena mtoto namsikia akilia.

Kinachonikaba ni ile kona ya chini ya picha, panapokaa saini. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akafariki 1972. Miaka michache tu, na mimi niliyezaliwa baadaye kazi yangu inaitwa kwa jina lake. Mimi nimechora miaka 12. Kuna mama wa Kijerumani alinunua picha zangu mbili, akasema akirudi atatafuta jina langu. Atalikuta wapi?

Shangazi, na nyie kina mama mnaofanya kazi za mikono, nishaurini. Nikubali mpaka huyu mdogo aache kunyonya, kisha nijitoe? Wenzangu walioingia hivyo sijaona aliyetoka. Au nimwombe katika kila picha tatu, moja niisaini mwenyewe? Natamani kumwambia ila naogopa ataniona nina kiburi, na mume wangu ataona nachezea riziki ya watoto. Mchoraji huyo anataka jibu kabla ya Jumamosi, hadibodi ameshazikata.

Mama Mchoraji,
Mbagala