Dada, ile pole uliyonipa kihambani

Shikamoo Dada,

Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mguu wa mama mkubwa umepata nafuu. Mimi huku Minneapolis ni mzima, baridi tu ndiyo imeshaanza kutubana.

Barua hii ningeweza kukutumia wewe peke yako. Nimeiandika hadharani kwa sababu swali uliloniuliza Desemba nimeulizwa na ndugu wengi, na kila mara nimelijibu vibaya. Unakumbuka tulivyokaa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo: wanaume wanachuna mbuzi chini ya migomba, wewe unamenya ndizi za mtori. Ukaniuliza kule tulikokulia kulikuwaje. Nikasema, kijijini tu, mahindi na ng'ombe na theluji. Ukaweka kisu chini, ukaniangalia kwa huruma, ukasema, "Pole mdogo wangu. Kumbe mlikwenda Marekani mkaishia shamba." Nami nikaitikia, "Nimeshapoa."

Jibu hilo limenikera mimi mwenyewe tangu siku ile. Kupoa nini, wakati sikuumwa? Acha nikusimulie inavyostahili.

Mji wetu unaitwa Decorah, uko kona ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Iowa, na watu wake hawafiki 8,000. Baba alikwenda 1994 kusoma katika chuo cha Luther, ambacho Wanorwei waliohamia huko walikianzisha mwaka 1861. Mimi na mama tulimfuata 1996, nikiwa na miaka minne. Watu husema Iowa ni tambarare, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini ile barafu kuu ya zama za mwisho ilipita pembeni mwa kona yetu, kwa hiyo kuna vilima, magenge ya mawe ya chokaa, na chemchemi baridi zinazobubujika mabondeni. Kuna hata pango ambalo barafu yake hujijenga majira ya kuchipua, nje kunapoanza kupata joto, na ukiingia Julai unaikuta bado imeganda ukutani. Siku baba alipompeleka mama Dunning's Spring, mahali maji yanapotoka mwambani na kuporomoka kati ya mawe, mama alisimama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akasema kwa Kichagga kwamba hapa mtu angechimba mfongo mzuri, mfereji wa kumwagilia shamba.

Hatukukaa mjini kabisa. Tulipanga nyumba ya mbao kando ya barabara ya kokoto, na ng'ambo ya barabara walikuwepo mzee mmoja na mkewe, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Tuliwaita Babu na Bibi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na wakaitika.

Mama hakuwa na Kiingereza cha kutosha kuomba hata chumvi. Juma la kwanza alilia kila jioni, nakumbuka. Asubuhi moja kabla hakujapambazuka akasikia ng'ombe wakilia, akavaa viatu vya baba na kuvuka barabara. Bibi alimkuta amesimama zizini, mkono wake juu ya mgongo wa ng'ombe mmoja, anamsemesha. Hakumuuliza kitu. Alimpa ndoo ya maji ya moto na kitambaa, mama akaanza kuosha viwele, mmoja baada ya mwingine, na Babu akifuata nyuma na mashine ya kukamulia. Ng'ombe walikuwa hamsini na kitu, na walikamuliwa saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, kila siku ya mwaka, Krismasi ikiwemo. Mama alikuwa akiniambia kwamba yeye na Bibi walifanya kazi pamoja miezi mitatu kabla hawajaweza kuongea, na walipoweza kuongea hapakuwa tena na jambo la kuulizana.

Kazi yake alilipwa kwa maziwa. Alikuwa akiyagandisha kwenye mtungi wa kioo nyuma ya hita, na mtindi ule ndio ulionikuza.

Halafu kuna chapati. Wanorwei wana mkate wao wa viazi unaoitwa lefse, mwembamba kama karatasi, unasukumwa kwa kifimbo cha kusukumia chenye mifereji na kugeuzwa juu ya bamba la moto kwa ufito mrefu wa mbao, kisha unapakwa siagi na sukari na kukunjwa. Bibi alipoanza kumfundisha mama, mama akamnyang'anya kifimbo katikati ya somo. Kusukuma alishajua tangu utoto, mikono yake ilihitaji kuonyeshwa unene tu. Kuanzia hapo kila Novemba jiko letu lilijaa unga, huku lefse, huku chapati, na sisi watoto tukikaa chini ya meza kusubiri zilizochanika. Na lutefisk, samaki mkavu anayelowekwa kwenye maji ya magadi makali mpaka analainika na kuteleza, ambaye Wamarekani wengine humkimbia: mama alimwonja mara moja akasema, "Wameweka magadi." Aliyajua toka nyumbani, kwenye kiburu, zile ndizi zinazopikwa na maharage. Alikula sahani mbili, na wazee wa kanisa wakampenda kwa hilo peke yake.

Kanisa lilikuwa la Kilutheri, bila shaka. Usidhani tulikuwa wageni kabisa mle. Walutheri wa majimbo yale wamekuwa wakileta wamisionari kaskazini mwa Tanzania tangu miaka ya 1920, na baadhi ya wazee walilijua jina la Kilimanjaro tangu shule ya Jumapili. Hata kreta ya Reusch, kule kileleni Kibo, ina jina la mmisionari wa Kilutheri ambaye baadaye alifundisha chuoni Minnesota, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka kwetu. Baada ya ibada watu walishuka chini ya kanisa, kila familia na chombo chake cha chakula: nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi na kuokwa, maharage matamu, saladi za jeli za rangi rangi zenye vipande vya karoti ndani, pai za rubabu, mmea wenye mashina machachu. Pilau ya mama ilikuwa inaisha kwanza. Nakwambia kweli, nilikuwa naisimamia kwa jicho.

Pasaka moja mpiga kinanda akaanza wimbo ambao baba aliutambua kabla ya maneno. Ni wimbo wa kwetu, umetoka Tanzania na umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani. Kanisa zima likauimba kwa Kiingereza, polepole, kama wanavyoimba wao. Baba akaimba kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya kwaya, na ubeti wa pili ulipofika wengine wote walikuwa wamenyamaza ili wamsikie. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kujivunia baba kama siku ile.

Dada, mambo uliyoyaogopa kwa niaba yangu yalikuwepo pia. Kuna watoto waliotaka kushika nywele zangu kila siku, na kuna majira ya baridi ambayo kope zinashikana ukitembea hadi kituo cha basi la shule. Lakini asubuhi za theluji kubwa tulikuwa tukiamka tunakuta njia yetu imeshasafishwa. Babu alikuja na trekta gizani, baada ya kukamua, akasukuma theluji yote kando na kuondoka bila kubisha hodi. Alifanya hivyo miaka yote tuliyokaa pale na hakuna siku alilizungumzia.

Nikiwa na miaka 14 nilifanya kazi ambayo wewe mkulima utaielewa upesi kuliko watu wa mjini hapa: kung'oa mbelewele, yale maua ya dume yanayotoka juu ya muhindi. Shamba la mbegu chotara hupandwa aina mbili kwa mistari, mistari kadhaa ya majike kwa mmoja wa dume. Mbelewele za majike lazima ziondolewe zote kabla hazijamwaga chavua, ili ndevu za mahindi yale zipokee chavua ya dume tu. Mashine hukata nyingi, na zile zinazoiponyoka hung'olewa kwa mikono, na mikono yenyewe ni ya watoto wa shule. Basi lilitubeba alfajiri kwenda mbali, kwenye ardhi tambarare. Asubuhi mahindi yanakumwagia umande mpaka unalowa kama umetumbukia mtoni, kwa hiyo tulivaa mifuko mikubwa ya takataka iliyotobolewa matundu ya kichwa na mikono. Mchana jua linapiga, majani yanakuchana shingo, na mstari unaona hauna mwisho. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana nilimpata humo, binti wa fundi matrekta aliyekuwa mstari wa pili yangu. Alipomaliza mstari wake alikuwa anageuka na kuingia kwenye wangu kutokea upande wa pili, tukutane katikati. Hajaacha tabia hiyo. Mwaka juzi nilipolazwa aliendesha gari kwa muda wa karibu saa tatu kuja kukaa na mimi, akiwa na mahindi mabichi kwenye ndoo.

Mshahara ule wa kwanza mama aliugawa. Nusu nilibaki nayo, nusu ikatumwa Moshi kuchangia mabati ya jiko la bibi yetu wa huko nyumbani. Mabati yale yale, Dada. Chini yake ndiko mtori wetu wa Desemba ulikopikwa.

Njoo Julai. Wikiendi ya mwisho wa mwezi mji mzima huwa na sherehe ya Kinorwei, wameifanya tangu 1967, wanawake na watoto wanacheza ngoma zao barabarani wamevaa mavazi ya sufu yaliyodariziwa. Mama alikuwa akienda na kitenge chake kizuri kuliko vyote, na vikongwe walishika upindo wakamuuliza kimetoka wapi, kama wanawake wa sokoni Mwika wanavyofanya. Jioni nitakupeleka kwenye barabara ile ya kokoto uone vimulimuli wanavyowaka juu ya soya. Kila gari litakalopishana nasi dereva atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hakujui, anakusalimu tu, na wewe utamrudishia.

Na jiandae, kuaga kule ni kazi. Mgeni anasema haya sasa, anapiga magoti yake kwa viganja, anasimama, halafu mazungumzo yanaanza upya mlangoni. Yanahamia barazani, kisha kwenye gari, mpaka dirishani huku injini inanguruma. Baba alichoka nayo mwanzoni. Mama ndiye aliyemwambia, hawa wanasindikiza, hawana jina lake tu. Akamfundisha Bibi neno lenyewe, na Bibi akalitamka vibaya miaka ishirini.

Ng'ombe waliuzwa 2015. Babu alikuwa amezeeka, na wafugaji wadogo wa maziwa wa eneo lile walikuwa wakiacha mmoja mmoja, bei hailipi. Mama alikwenda kuosha viwele asubuhi ya mwisho. Miaka miwili baadaye baba alistaafu nao wakafunga mizigo kurudi Machame. Siku ya kuondoka tuliagana jikoni, tukaagana barazani, tukaagana kwenye gari. Baba akawasha, Bibi akashika mkono wa mama dirishani na hakuuachia. Basi baba akaendesha taratibu, na yule mwanamke wa miaka themanini na mbili akatembea kando ya gari kwenye kokoto, kimya, mpaka kwenye masanduku ya barua pale njia panda. Hapo mama akamwambia kwa Kiswahili, "Rudi sasa. Umenisindikiza vya kutosha." Bibi akaelewa. Akaachia mkono, akageuka, akaanza kurudi nyumbani.

Mdogo wako.