Ukuta wa mita 4

Mwanangu Neema,

Umeuliza uanzie wapi kuwafundisha darasa la sita hesabu za ukuta. Anza na tofali lenyewe, watoto walipime kwa rula. Tofali la saruji la unene wa inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, yaani karibu sentimita 45.7 kwa 22.9. Kosa la kwanza hutokea hapohapo: watu hugawa urefu wa ukuta kwa urefu wa tofali, wakasahau mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshikanisha matofali. Kiungo, yaani mota iliyo kati ya tofali na tofali, kina unene wa sentimita 1 na kidogo, kwa hiyo kila tofali linakula sentimita 47 kwa urefu na 24 kwenda juu.

Wape ukuta wa mita 4, kozi 12, yaani mistari 12 ya matofali. 400 gawa kwa 47 ni matofali 8 na nusu. Nusu hiyo ndiyo raha ya somo: kozi moja ianze na tofali zima, inayofuata ianze na nusu, viungo vya wima visikae juu ya vingine. Vikipangana mstari mmoja, ufa umepata njia. Kisha waambie waurefushe ukuta hadi mita 4.3. Watapata matofali 9 na kipande cha sentimita 7, kila kozi! Ni afadhali kubadili mchoro.

Turudi kwenye mita 4. Kozi 12 mara 8.5 ni matofali 102. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 unapunguza karibu 17, yanabaki 85. Ongeza 5 kwa kila 100 ya kuvunjika, agiza 90.

Mota ni saruji 1 kwa mchanga 6. Mfuko wa kilo 50 una kama lita 35, hivyo mchanga ni lita 210, ndoo kubwa kumi na nusu. Fundi akijaza viungo vya sentimita 2.5, saruji inayotumika ni maradufu, na ukuta haupati nguvu zaidi. Mchanga wa ufukweni usiwaruhusu hata kwa mfano: chumvi yake huvuta unyevu na kumenya plasta.

Kona iliyo mraba ipimwe kwa 3-4-5: pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5 huwa na kona mraba kati ya mkono wa 3 na wa 4. Wengi hutumia 60, 80 na 100 za sentimita. Mimi naona pembetatu hiyo ni ndogo mno. Ncha ya mkono wa 60 ikienda pembeni sentimita 1, ukifika mita 4 umetoka nje karibu sentimita 7. Tumieni mita 3, 4 na 5, kwa kamba isiyovutika.

Tofali hilo lina uzito wa kilo 30 hivi, mtoto asilinyanyue. Saruji mbichi nayo huchoma ngozi. Wafyatue vitofali vya udongo vya sentimita 9 kwa 4.5, wajengee tope, kozi sita tu kwa siku. Wakizidisha, tope la chini litabonyea na timazi, kamba yenye uzito wa kupimia wima, litawaonyesha ukuta umelala upande gani.

Baba yako