Barua ya wazi kwa vijana mtakaosimamia vituo vya chanjo ya mbwa

Wanangu, salaam nyingi.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na vijiji vingi hupanga chanjo karibu na tarehe hiyo. Nawaandikia mapema ninyi mliochaguliwa kuwasaidia wataalamu wa mifugo, maana siku yenyewe kila mtu atakuwa ameshika kamba na hakutakuwa na muda wa maelezo.

Kila mwaka ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 duniani, wengi wao Asia na Afrika, na 99 kati ya kila 100 huambukizwa na mbwa. Dalili zikishamwanza mtu, dawa ya kumponya hakuna. Aliyeng'atwa anaweza kukingwa kabla ya hapo, lakini kwa sindano kadhaa, tena za gharama, na nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya wilaya. Mbwa anahitaji mililita 1 tu, awe mkubwa au mdogo. Ndiyo maana nasema fedha ya kumlinda mtoto ianze kwa mbwa.

Lengo lenu ni mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wetu hawaishi sana. Wengi hufa kabla ya kufika miaka mitatu, na watoto wapya huzaliwa mwaka mzima bila kinga. Mkichanja 70 leo, baada ya miezi kumi na miwili waliobaki na kinga watakuwa wamepungua sana, ila bado wanatosha kukizuia kirusi kisipate njia. Mkichanja 40, kinga hiyo itakuwa imekwisha kazi kabla ya msimu mwingine kufika.

Kwa hiyo watoto wa mbwa msiwarudishe nyumbani. Watu wengi huwaacha, wakidhani chanjo ni ya mbwa aliyekwisha kukua, na hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe wote, hata wa chini ya miezi mitatu. Semeni hivyo kwenye tangazo la kipaza sauti, siku moja kabla: "Leteni na watoto wa mbwa, na paka pia."

Kituoni fungueni saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Mwenye mbwa ndiye anayemshika, si mchanjaji, kwa sababu mbwa huuma zaidi anaposhikwa na mgeni. Mstari uwe mrefu, mbwa na mbwa waachane hatua tatu au nne, na mwenye kamba mbovu apewe nyingine kabla hajaingia. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa: kizungusheni juu ya pua, fungeni chini ya taya, kisha nyuma ya masikio. Chanjo ikae kwenye boksi lenye barafu, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Isigusane na barafu yenyewe, maana ikiganda imeharibika, na kwa macho hamtaona tofauti. Sindano hupigwa chini ya ngozi ya shingo. Ngozi ikivutwa juu sana, ncha hutokea upande wa pili na dawa yote huishia kwenye manyoya. Pangusa kwa kidole. Ukikuta unyevu, mbwa huyo bado hajachanjwa. Akishachanjwa, mpakeni rangi kichwani au mfungeni utepe shingoni. Alama hiyo mtaihitaji kesho yake.

Kuna atakayewaambia njia ya mkato ni kuwaua mbwa. Msikubali. Kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 1997 waliua karibu nusu ya mbwa wote, na kichaa kikabaki. Aliyeuliwa mbwa wake huleta mwingine asiye na kinga, na wengine huwaficha au kuwahamisha, wakauhamisha na ugonjwa. Mexico ilishika njia ya chanjo kubwa tangu mwaka 1990, na mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imekomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Hapa kwetu, Pemba ilikikata kwa chanjo, kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kikakatwa tena mwaka 2018.

Watu watawauliza dalili. Wengi wanamjua mbwa anayekimbia ovyo na kuuma kila kitu. Wa hatari zaidi ni yule mtulivu: taya limelegea, mate yanatiririka, sauti imebadilika, hawezi kumeza. Mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani kuutoa. Hufanyika hivyo hivyo kwa ng'ombe anayetoa mate na kulia bila kukoma. Waambieni watu wasiingize mkono, wamwite afisa mifugo. Na mnyama aliyekufa hivyo asichunwe wala kuliwa.

Aliyeng'atwa aoshe kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani, mtu aangalie saa. Sabuni huua kirusi kabla hakijaingia kwenye mishipa ya fahamu, ambako hupanda polepole hadi kwenye ubongo. Asipake majivu, pilipili wala tumbaku. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kiwe mkwaruzo, hata mbwa awe wa jirani. Mbwa akiweza kufungwa salama, aangaliwe siku 10: kama mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyouma, ndani ya siku hizo ataonyesha dalili au atakufa. Lakini mgonjwa asikae nyumbani kusubiri siku hizo ziishe. Dozi ya kwanza huhesabiwa siku ya 0, zinazofuata ni siku ya 3 na ya 7, na kwa sindano za kwenye msuli kuna nyingine baadaye. Wengi huacha baada ya ya pili kwa kuwa kidonda kimepona. Mkimjua mtu wa namna hiyo, mfuateni nyumbani.

Kesho yake alfajiri, mbwa wakiwa bado wanazurura, pitieni kila kitongoji wawili wawili na daftari. Andikeni safu mbili tu: wenye alama na wasio na alama. Hesabuni watoto wa mbwa kando. Kitongoji chenye chini ya 70 kwa 100 kina sababu yake, na mara nyingi ni umbali wa kituo, au mbwa wa machungani waliokuwa malishoni tangu alfajiri. Mpelekeeni mtaalamu daftari hilo siku hiyo hiyo, chupa zilizobaki zikiwa bado kwenye barafu, muende naye huko huko machungani jioni mifugo inaporudi.

Ni mimi mzee wenu.