Barua ya malalamiko: kipima gesi chenye cheti kisichosikia gesi

Mbaraki,
Mombasa.

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Mauzo na Ukarabati wa Vifaa vya Usalama.

Bwana Meneja,

KUH: VIPIMA GESI VIWILI MLIVYOTURUDISHIA NA VYETI

Mimi ni fomeni wa kikosi cha vijana tisa wanaosafisha matangi ya meli na kuchomelea ndani yake. Tumekuwa wateja wenu kwa miaka sita. Mwezi huu niliwaletea vipima gesi vyetu viwili vya mkononi vifanyiwe kalibresheni ya mwaka, yaani vipimwe na kurekebishwa kwa gesi yenye kiwango kinachojulikana. Siku ya nne mkanipigia simu, nikaja, nikalipa, nikapewa vifaa pamoja na vyeti viwili vyenye mhuri na sahihi. Risiti ninayo. Nawaandikia kwa sababu kifaa kimoja kimekufa, cha pili hamkukigusa kabisa, na welda wangu alibakisha hatua moja ashuke ndani ya tangi lenye gesi kwa kuamini vyeti hivyo.

Ilikuwa Jumanne iliyopita, kwenye meli ndogo ya mafuta iliyofunga hapa Mbaraki kwa ukarabati. Kazi yetu ilikuwa kubadilisha vidato vya ngazi vilivyoliwa na kutu ndani ya tangi la mabaki ya mafuta. Tangi lilikuwa limeoshwa, na feni ilikuwa ikipuliza hewa tangu alfajiri. Nikashusha mpira wa kipima gesi juu, katikati, kisha chini kabisa, maana mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Oksijeni ikasoma asilimia 20.9, kama hewa ya kawaida. Gesi ya kuwaka ikasoma sifuri mara zote tatu. Welda alikuwa ameshafunga kamba kiunoni na mguu mmoja umeshaingia kwenye mdomo wa tangi.

Nilimzuia kwa sababu ya pua yangu tu. Hewa iliyokuwa ikipanda kutoka mle ilinuka mafuta, si sana, ila ilitosha kunitia shaka. Nikamwomba afisa wa kwanza wa meli alete kipima chao. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka meli iwe na chombo chake cha kupima oksijeni, gesi za kuwaka, kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi kabla mtu hajaingia mahali palipozibwa, na nashukuru meli hii ilikuwa nacho na kilikuwa kizima. Mpira wao ulipogusa chini, kikaanza kulia. Kilionyesha asilimia 18 ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto. Chetu kilikuwa kimeshushwa pale pale, mipira miwili imegusana, na kioo chake bado kiliandika sifuri. Mwongozo wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, unataka usomaji usizidi asilimia 1 ya kiwango hicho kabla ya mtu kuingia, na sisi hatukuwa tunaingia kuangalia tu. Tulikuwa tunaingia kuwasha moto.

Nilivunja kazi, nikawatoa vijana wote kwenye sitaha, nikachukua mtungi wetu mdogo wa gesi ya majaribio. Una methani asilimia 2.5 katika hewa, na tarehe yake ya mwisho wa matumizi bado haijafika. Methani huanza kuweza kuwaka inapofika karibu asilimia 5 ya hewa, kwa hiyo gesi ya mtungi huo ni nusu ya kiwango hicho, na kifaa kizima kinatakiwa kisome karibu 50. Chetu kilipanda hadi 3, kikakaa hapo. King'ora kimewekwa kilie kwenye 10, kwa hiyo hakikulia. Afisa wa meli alinitazama, akatazama cheti chenu kilichokuwa ndani ya nailoni, asiseme neno.

Najilaumu kwa jambo moja na nalisema wazi: mtungi ule nilipaswa kuutumia asubuhi kabla ya kuondoka karakanani, kama tufanyavyo siku zote. Siku hiyo niliuacha kwa sababu kifaa kilikuwa kimetoka kwenu juzi yake na nikaona hakuna haja. Sitarudia kosa hilo. Lakini imani hiyo mliiuza nyinyi, na mimi niliilipia.

Sasa naomba mniambie mlikifanya nini. Kiliporudi kilikuwa kinang'aa, na kinanukia ule mpulizo ambao watu hupaka dashibodi za magari baada ya kuosha. Hata kile kichujio cheupe kinachofunika mdomo wa kihisi, ile sehemu inayotambua gesi, kilikuwa na utelezi ukikipitishia kidole. Mafundi wenu wanajua, au wanatakiwa wajue, kwamba kihisi cha gesi ya kuwaka cha aina hiyo kina shanga mbili ndogo zinazopashwa moto. Moja ina dawa ya kuifanya gesi iungue juu yake, ikipata joto zaidi ya mwenzake, kifaa kinasoma tofauti hiyo. Mpulizo wa kung'arisha mara nyingi huwa na silikoni. Mvuke wa silikoni ukifika kwenye shanga yenye moto huigandisha kwa utando, na kuanzia hapo shanga haiunguzi tena gesi yoyote. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na kifaa kinakataza jambo hilo kwa jina, na mliotuuzia kitabu hicho ni nyinyi.

Ubaya wake ni kwamba kihisi kilichokufa namna hii hakilalamiki. Betri ikiisha kifaa kinakuambia. Pampu ikiziba kinakuambia. Shanga ikifa kinaandika sifuri, ile ile sifuri kinayoandika hewa ikiwa safi, na oksijeni inaendelea kusoma vizuri kwa sababu inapimwa na kihisi kingine. Mtu anasoma 20.9 na 0, anashuka.

Kuhusu kifaa cha pili maelezo ni mafupi. Kilirudi na doa lile lile la rangi ya kijivu nililolipata mwaka jana kwenye meli nyingine. Hilo si kosa, sitaki kung'arishiwa vifaa. Lakini kikiwashwa huonyesha tarehe ya kalibresheni ya mwisho iliyo kwenye kumbukumbu yake, na tarehe hiyo ni ya mwaka jana. Cheti chenu kinasema ni mwezi huu. Kwenye mtungi kilisoma 41. Basi fundi aliyetia sahihi cheti hicho alipima nini?

Nilipompigia simu fundi wenu mkuu siku hiyo hiyo, jibu lake lilikuwa kwamba vihisi huzeeka, nilete kifaa nitauziwa kihisi kipya. Ndiyo, huzeeka. Ndiyo maana vinaletwa kwenu kila mwaka. Sikumpigia kununua kitu. Nilimpigia kumwambia kwamba huenda kuna vifaa vingine vilivyopita kwenye meza ile ile wiki ile ile, vikapulizwa mpulizo ule ule, na sasa viko mifukoni mwa watu kwenye gati za Kipevu na Shimanzi, kwenye matishali na ndani ya meli zilizokwisha ng'oa nanga. Hakuniuliza hata namba ya kifaa.

Kila tunapofundishwa usalama wa kazi hizi tunasimuliwa jukwaa la mafuta la Piper Alpha kwenye Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, walipokufa watu 167. Pampu ilikuwa na karatasi yake ya kibali cha kazi, na valvu ya usalama iliyotolewa kwenye bomba la pampu hiyo ilikuwa na karatasi nyingine. Watu wa zamu ya usiku waliona karatasi moja, wakawasha pampu, gesi ikatoka pale valvu ilipokuwa imeondolewa. Huwa nawaeleza vijana wangu kisa hicho kabla ya kutia sahihi kibali cha kazi ya moto. Jumanne kibali changu kilikuwa na nakala ya cheti chenu nyuma yake.

Ninachotaka ni hiki. Mumwandikie kila mteja aliyechukua kifaa karakanani kwenu mwezi huu, mumwambie akipulizie gesi ya majaribio kabla hakijatumika tena, na mnipe nakala ya barua hiyo. Hili ndilo la kwanza, na lisisubiri mengine. Mviondoe vyeti vyetu viwili kwa maandishi. Mnirudishie ada ya vyote viwili, na kwa kifaa kilichokufa mtuwekee kihisi cha infraredi, kinachopima gesi kwa mwanga usioonekana, ambacho silikoni haikiui na kwa mvuke wa mafuta kinafaa. Kama tungekuwa tunapima haidrojeni ningesema vingine, kwa kuwa hicho hakiioni. Na kuanzia sasa kila cheti mtakachonipa kiandikwe kifaa kilisoma ngapi kabla ya kurekebishwa na ngapi baada yake, pamoja na namba ya mtungi uliotumika na tarehe yake ya mwisho. Neno "kimepita" peke yake sitalipokea.

Nawapa siku saba. Zikipita bila wateja wengine kuarifiwa, nitapeleka barua hii pamoja na vifaa kwa wakaguzi wa usalama na afya kazini chini ya sheria ya mwaka 2007, na nakala kwa Mamlaka ya Bahari.

Vifaa vyote viwili nimevifungia kabatini jinsi vilivyo, sijavifuta. Mtume fundi aje na mtungi wake mwenyewe, asubuhi yoyote kabla ya saa mbili, avijaribu mbele ya kikosi changu. Welda niliyemzuia pale kwenye mdomo wa tangi ameomba awepo.

Wako,

Fomeni wa kikosi cha kusafisha matangi na kuchomelea,
Mbaraki.