Fedha zilizoporwa asidaiwe mfanyakazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaofanya kazi nyuma ya kaunta hulizungumza wenyewe kwa wenyewe, ingawa ni nadra kufika masikioni mwa waajiri wetu. Majambazi wanapovamia mahali pa kazi, mfanyakazi hukumbwa na hofu mbili: hofu ya silaha iliyoelekezwa kwake, na hofu ya hesabu atakayodaiwa na mwajiri baada ya majambazi kuondoka.

Hofu hiyo ya pili ndiyo inayoweza kumponza. Ushauri wa polisi na wataalamu wa usalama ni ule ule tangu zamani: toa fedha, mikono yako ionekane, usibishane, sema kabla ya kuinama au kufungua droo, na wakishatoka usiwafukuze. Mwenye silaha naye huwa na wasiwasi na anataka kuondoka upesi, hivyo mkono unaoshuka ghafla chini ya meza unaweza kumfanya afyatue risasi. Lakini mtu anayejua kwamba upungufu wa droo utakatwa kwenye mshahara wake atawezaje kuufuata ushauri huo kwa moyo mmoja? Atasitasita, atajaribu kuzisukuma noti kubwa pembeni, atadai kwamba hana ufunguo wa sefu, na kwa kufanya hivyo atayaweka maisha yake rehani kwa fedha zisizo zake.

Waajiri wengi watajibu kwamba hawajawahi kumwagiza mtu yeyote apambane na jambazi, nami nawaamini. Hata hivyo, si kila agizo hutamkwa. Meneja anayefika baada ya tukio na kuuliza kwanza zimechukuliwa shilingi ngapi, kabla hajauliza nani ameumia, tayari amewafundisha wote waliopo wanachotarajiwa kufanya siku nyingine. Linaloumiza zaidi ni kushukiwa, kwa maana keshia aliyetoa fedha bila ubishi huulizwa kwa nini alikuwa mtulivu kiasi kile, kana kwamba utulivu ni ushahidi wa kula njama. Sikatai kwamba wapo wafanyakazi waliowahi kushirikiana na wezi, ila kuwabaini ni kazi ya polisi, wala haifai ifanywe na bosi mwenye hasira anayemhoji mtu ambaye mikono yake bado inatetemeka.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa inayomkabili asipatwe na madhara yasiyo ya haki kwa kufanya hivyo, na Mkataba namba 190 wa mwaka 2019 unaigusa haki hiyo hiyo pale hatari inapotokana na ukatili kazini. Kwa maoni yangu, anayekatwa mshahara kwa sababu alichagua kubaki hai ameadhibiwa, hata kama makato hayo yameandikwa kwa jina jingine.

Mwajiri anayejali mali yake anazo njia za kuilinda bila kumfanya keshia kuwa ngao. Fedha nyingi zisikae kwenye droo. Ziingizwe mara kwa mara katika sefu yenye kufuli la muda, ambayo mfanyakazi hawezi kuifungua hata akilazimishwa, na tangazo la kueleza hivyo libandikwe mlangoni. Kufunga kazi usiku kusiachiwe mtu mmoja, wala asitumwe mtu yule yule kupeleka fedha benki kwa njia ile ile, saa ile ile, kila siku. Hasara inayobaki ibebwe na bima au na biashara yenyewe. Naye aliyeshikiwa silaha apewe mapumziko yenye malipo na mtu wa kumsikiliza, badala ya kurudishwa kaunta kesho yake asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa kuanzia, ninaomba kila mwajiri anayeshughulika na fedha taslimu atoe kauli ya maandishi yenye saini yake, isomwe kwa kila anayeajiriwa kabla hajakabidhiwa droo, ikisema kwamba akivamiwa atoe fedha, na kwamba kwa kufanya hivyo hatadaiwa wala hatafukuzwa kazi.

Wako,
Keshia na msomaji wa gazeti lako